Jakuzi la Breki

Jakuzi liliingia uani likiwa limelazwa ubavu juu ya mabega ya wanaume wanne, na Breki mbele yao akitembea kinyumenyume, mikono juu, kama anayeelekeza lori kurudi nyuma.

"Lete, lete, lete... kata kushoto kidogo... hapohapo! Shusha!"

Likatua kati ya nyumba mbili kwa kishindo kilichotikisa vikombe jikoni. Wabebaji wakashika viuno. Breki akalizunguka, akalipigapiga ubavuni kwa kiganja, akatabasamu kama mtu aliyetoka kuoa.

Jina Breki hakupewa na wazazi wake. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na katika maisha yake yote barabarani hakuwahi kugonga hata mbuzi, kwa sababu alikanyaga breki mapema kuliko binadamu mwingine yeyote. Hata akitembea kwa miguu alisimama ghafla bila taarifa, na aliyemfuata nyuma alijikuta pua imegota mgongoni mwake. Sasa alikuwa amestaafu, na kazi ilikuwa imemwachia mgongo unaolia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Daktari wa viungo alimwambia mgongo wa namna ile unapenda joto. Daktari alikuwa na maana ya kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto. Breki alisikia jakuzi.

Na bahati haina miguu lakini hufika. Nyumba moja ya wageni mtaa wa juu ilikuwa inafungwa igeuzwe ofisi. Mwenye nyumba, ambaye Breki alimbebea vitanda na magodoro siku za ufunguzi, alimwambia lile jakuzi la bustanini, beseni kubwa walimokaa wageni kwenye maji ya moto yenye mapovu, ni lake, mradi aliondoe kabla wajenzi hawajaanza kubomoa.

Mkewe alikuwa dirishani pa chumba chake cha kushonea, futi ya kamba shingoni, pini midomoni. Akazitoa pini moja moja ili aweze kusema vizuri.

"Baba watoto, hicho ni nini?"

"Mgongo wangu mpya."

"Na mgongo wako mpya unakula nini?"

"Maji na umeme tu, mke wangu."

"Vitu viwili vilivyokatazwa kukaa pamoja," mkewe akasema, akarudi kwenye cherehani.

Dirisha la pili, lile la nyumba ya mbele, nalo lilikuwa na mtu. Pazia lilisogea, jicho likachungulia, pazia likarudi. Huyo alikuwa dada yake Breki.

Kiwanja kile baba yao aliwaachia wote wawili. Nyumba ya mbele, inayotazama barabara, ilikuwa ya dada mtu, msusi hodari aliyegeuza sebule yake kuwa saluni. Nyumba ya nyuma ilikuwa ya Breki na mkewe, fundi cherehani. Katikati palikuwa na ua wenye kamba za nguo, sakafu ya saruji ya kufulia, na mlimau mmoja mkaidi uliozaa ulipojisikia. Kwa miaka mingi wanawake hao wawili walikuwa chanda na pete. Chai ya asubuhi walinywea kwenye kizingiti kimoja, wakigawana umbea kabla haujapoa. Mteja akienda kusuka kwa wifi mmoja, alitoka amekwisha kupimwa gauni kwa wifi mwingine.

Kisha bintiye Breki akaolewa. Mama mtu alishona gauni, lenye kola ndefu iliyosimama, yenye vishikizo vidogo nyuma ya shingo. Shangazi mtu alisuka nywele, mnara wa misuko mirefu ulioshuka hadi mabegani. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake kazi yake, kila mmoja alitaka kuwashangaza watu. Na watu walishangaa. Misuko ilinasa kwenye vishikizo, na bibi harusi akakaa sherehe nzima akitazama mbele tu, kama askari wa gwaride. Bwana harusi alipotaka kumnong'oneza kitu, ilibidi azunguke asimame mbele yake. Mama akasema nywele zilikuwa nyingi mno. Shangazi akasema kola ilikuwa ndefu mno. Maneno yakafuata maneno, na tangu siku hiyo mawifi hawakusemezana.

Walisemezana kupitia kwa Breki.

"Mwambie dada yako maji ya saluni yake yanafika kwenye kamba zangu."

"Mwambie mkeo, kamba zina mizizi? Azihamishe."

Breki alivuka ua kupeleka, akavuka tena kurudisha, mkono kiunoni. Zamani alisafirisha saruji na mbolea. Mizigo ile ilikuwa na huruma kuliko hii.

*

Fundi wa umeme alifika akiwa na ngazi begani na penseli sikioni. Alikuwa mnene, mchangamfu, na mwenye mkono safi wa kazi. Tatizo lake lilikuwa mdomo, haukuwa na kufuli. Mtaani walisema ukitaka jambo lako lijulikane, mwite akufungie taa.

Breki alimwonyesha mpango wake kwa fahari. Alikuwa ameandaa ekstensheni ndefu kutoka soketi ya jikoni, ipite dirishani, ivuke kamba za nguo, ifike kwenye jakuzi. Pale nyaya zilipoungana alipafunga mfuko wa nailoni, mvua isiingie.

Fundi aliitazama ekstensheni, akamtazama Breki. "Mzee, mkeo unampenda?"

"Sana."

"Basi usimfanye mjane."

Akakaa kwenye ukingo wa jakuzi na kuanza kueleza. Ndani mle kuna pampu na hita, na hita ile peke yake inakula umeme kuliko kila kitu cha nyumba ya Breki kikijumlishwa. Linahitaji kebo yake lenyewe, nene, itoke moja kwa moja kwenye boksi kuu bila kugawana na friji wala taa. Ipite chini ya ardhi, ndani ya paipu, mtu akilima asiikate. Linahitaji breka yake, ile inayokata umeme mzigo ukizidi, na swichi ya usalama ambayo umeme ukivuja hata kidogo inakata kabla hujamaliza kusema "aa". Kisha inatakiwa swichi nyingine huku uani, ukutani, uione ukiwa majini lakini usiweze kuigusa ukiwa majini.

"Kwa nini nisiiguse? Si ya kwangu?"

"Ni yako, lakini mkono wenye maji si wako tena," fundi akasema. "Maji na umeme, mzee, ni kama mawifi. Ukimkuta kila mmoja peke yake, mtu safi kabisa. Sasa wakutanishe..."

Cherehani iliyokuwa ikivuma dirishani ikanyamaza ghafla. Breki akamkanyaga fundi mguu.

"Nini? Nimesema nini?"

"Endelea na breka," Breki akanong'ona.

"Ah, breka. Nikwambie ukweli, tatizo kubwa la nyumba hii litakuwa breka."

"Breki," sauti ikasahihisha kutoka dirishani. "Na hilo tunalijua siku nyingi."

Fundi akacheka hadi penseli ikadondoka. Alipoiokota akauliza swali ambalo Breki alikuwa akiliombea lisije: boksi kuu liko wapi?

Boksi kuu lilikuwa kwa dada. Baba yao alijenga nyumba ya mbele kwanza, umeme ukaingilia huko, na nyumba ya nyuma ikavutiwa waya baadaye. Mita na boksi vilikuwa stoo ya saluni, nyuma ya madebe ya shampuu. Fundi akavuta futi yake ya chuma, akapima huku na huku, akajikuna. Swichi ya uani nayo ilikuwa na mahali pamoja tu panapofaa, ukuta wa chumba cha kushonea. Kuta nyingine zilikuwa karibu mno, au zilijificha nyuma ya mlimau.

"Kwa hiyo," Breki akasema polepole, "inaanzia kwa dada yangu na kuishia kwa mke wangu."

"Ndiyo njia fupi na salama. Nipatie ruhusa ya wote wawili. Sitoboi ukuta wa mtu kwa kunyemelea."

Breki alikaa kwenye saruji ya kufulia muda mrefu baada ya fundi kuondoka. Alijua akipeleka ombi kwa dada, jibu litakuwa, "Mwambie mkeo aje aombe mwenyewe." Akipeleka kwa mke, jibu litakuwa hilohilo limegeuzwa ndani nje kama shati. Basi akafanya jambo ambalo dereva mwangalifu hafanyi. Akakata kona bila kutazama.

Alimkuta dada yake akimsuka mteja. "Dada," akasema kwa upole, "wifi yako ametubu. Anasema kosa lilikuwa la kola. Alilia."

Vidole vya dada mtu vilisimama katikati ya msuko. "Alilia?"

"Kwikwi kabisa. Lakini usimtajie, tafadhali. Ana aibu. Yeye anaomba tu umruhusu fundi afungue stoo."

Dada akatazama uani kupitia dirishani, kule nyumba ya nyuma. "Mwambie fundi aje," akasema.

Wakati wa chakula cha jioni Breki akampa mkewe habari hiyohiyo, ila safari hii aliyelia alikuwa dada na kosa lilikuwa la nywele. Mkewe aliacha kutafuna.

"Yeye? Alilia?"

"Leso ililowa. Usimtajie tu."

"Basi swichi ifungwe," mkewe akasema. "Ila iwe mbali na dirisha langu, isinizuie mwanga." Akaongeza chakula kwenye sahani ya Breki bila kuombwa.

Usiku huo Breki alilala fofofo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba mwanzoni ina lami.

*

Jumamosi fundi alikuja kuchora njia ya kebo. Alikuja na mfuko wa chokaa, akaanza kuimwaga kwa mstari kutoka ukuta wa saluni, akaukwepa mlimau kwa sababu ya mizizi, akaikwepa saruji ya kufulia kwa sababu ya maji machafu, hadi ua ukaonekana kama uwanja wa mchezo usio na sheria.

Alipofika ukuta wa chumba cha kushonea, alisimama. "Mzee, ingia."

"Niingie wapi?"

"Ndani ya jakuzi. Kaa kama utakavyokaa, kisha nyoosha mkono kwangu kadiri uwezavyo. Nataka nijue mahali ambapo hutafika hata ukishikwa na wazimu."

Breki akapanda kiti, akavuka ukingo, akajishusha kwa kuguna hadi chini ya jakuzi kavu. Akanyoosha mkono. Fundi akaweka alama ukutani, mbali zaidi ya ncha ya kidole, kisha akaenda mbali zaidi tena, akaweka nyingine. "Hapa. Hapa hata ukirefuka."

Mke alitoka kuona alama iko wapi. Wakati huohuo dada naye akatokea mlango wa nyuma wa saluni, ufunguo wa stoo mkononi. Wakasimama, kila mmoja upande wake wa mstari wa chokaa. Mke alikuwa amefunga kitambaa kichwani, kimebana hadi kwenye nyusi, kama alivyokuwa akifunga kila siku miezi ile yote. Dada alikuwa amevaa gauni ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka upande mmoja, likashikizwa kwa pini.

Walitazamana kwa huruma. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake aliyelia.

Na fundi, akipangusa chokaa kwenye suruali, akafungua mdomo wake.

"Mama zangu, mimi nimefurahi! Mzee amenieleza yote. Kulia kote kule! Nikasema hawa ndio watu wazima, mtu anakubali kosa lake, analia, yanakwisha."

Upepo ukatikisa mlimau. Mke akasema, taratibu, "Nani alilia?"

"Wewe," dada akajibu, na hilo likawa neno lake la kwanza kwa wifi yake tangu harusi.

"Mimi? Mimi niliambiwa wewe ulilia. Leso ililowa."

"Leso gani? Mimi sina leso! Niliambiwa wewe ulilia kwikwi!"

"Kwikwi? Mimi?"

"Kwikwi ni wewe!"

Kisha shingo zao zikageuka pamoja kuelekea jakuzi.

Breki alikuwa ameshaanza kujaribu kutoka. Alikuwa ameinua mguu mmoja, lakini mgongo ulikataa wa pili. Akashika ukingo huu, akashika ule. Jakuzi lilikuwa laini kama sahani, na halikuwa na pa kukanyaga. Vivuli viwili vikamfunika, kimoja kushoto, kimoja kulia.

"Baba watoto," mkewe akasema.

"Mdogo wangu," dada yake akasema.

"Fundi!" Breki akaita. "Nipe mkono!"

"Mimi nina chokaa mikononi," fundi akasema, akarudi nyuma hadi mlimau ukamficha.

Walimsomea mashtaka yote humo ndani. Mmoja akianza sentensi, mwingine aliimalizia, kama zamani walipokuwa wakimsema mtu kwenye kizingiti. Amewafanya watoto. Amewauza kwa ajili ya beseni. Amewaliza bila machozi yao. Breki alivumilia akiwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua, hakuwa na mzaha.

"Basi semeni na hili," akasema. "Tangu binti aolewe, mimi ndiye waya kati yenu. Neno linatoka huku linapita kwangu, linatoka kule linapita kwangu, na kila likipita mimi ndiye napigwa shoti. Mmewahi kuuliza kama waya unachoka? Nilidanganya, ndiyo. Nilidanganya kwa sababu nyumba hizi mbili zimepoa, na jinsi zilivyokuwa mnakumbuka wenyewe. Si mgongo tu unaoniuma."

Fundi, nyuma ya mlimau, alivuta kamasi, na huyo kweli alikuwa analia.

"Nifungulie hiyo stoo," mke akamwambia wifi yake hatimaye. "Tuone hilo boksi."

"Na mimi?" Breki akauliza.

"Wewe kaa. Pima mkono vizuri."

*

Stoo ilikuwa nyembamba, inanukia shampuu na plastiki. Fundi akafungua boksi kuu, akamulika tochi, akaanza kuhesabu breka kwa midomo. Nyuma yake mawifi walisimama bega kwa bega kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusimama vingine. Ukutani zilining'inia aproni za saluni, zile alizozishona mke wa Breki. Mfuko wa moja ulikuwa umechanika na kushonwa tena kwa uzi mweusi, mnene, wenye mafundo.

Mke akaushika. "Wifi. Huu si uzi wa kusukia?"

"Ndio."

"Umeshona aproni kwa uzi wa kusukia nywele?"

"Ningeshona kwa nini? Mshonaji wangu alininunia."

Mke aliitazama pini kwenye pindo la gauni, akaitazama tena ile mishono ya mafundo. Akakaza midomo ili asicheke, ikawa kazi bure.

"Na wewe," dada akasema, akinyoosha kidole, "hicho kitambaa kinaficha nini?"

"Baridi."

"Baridi gani, jua hili?" Akakivuta kwa ncha ya vidole, kama anayefunua sufuria inayochemka. Chini yake zilikuwa nywele ambazo hazijaguswa na msusi tangu harusi, zimesimama kila upande kwa fikra zake. Dada akaweka mkono mdomoni. "Mtaa huu una saluni ngapi! Hukwenda hata moja?"

"Nikamkabidhi nani kichwa changu?" mke akasema, na sauti yake ikapasuka kidogo katikati.

Fundi akakohoa. "Mama zangu, kuhusu breka..."

"Subiri," wakasema pamoja.

"Kola ilikuwa ndefu," mke akasema.

"Nywele zilikuwa nyingi."

"Ila kola ingetosha kama nywele zingepandishwa."

"Zipandishwe wapi, juu ya dari? Wewe ungepunguza vishikizo!"

Wakaanza upya kabisa, lakini huu ulikuwa ugomvi wa aina nyingine, ule wa watu wanaojua kwamba kesho watakunywa chai pamoja. Fundi alizima tochi kuokoa betri, akasubiri.

Walipomkumbuka Breki, kivuli cha mlimau kilikuwa kimeshamfikia. Walimtoa kwa kumvuta mkono huu na mkono ule, fundi akimsukuma kwa chini, na alipotua ardhini aliambiwa akachemshe chai ya watu wanne.

Mpango wenyewe ulikamilishwa kwenye meza ya kukatia nguo, Breki akipita na birika. Fundi alieleza kwamba umeme unaoingia kiwanjani unatosha, mradi wasiuzidishie mzigo. Draya za saluni, pasi kubwa ya mvuke na hita ya jakuzi vikiwaka kwa pamoja, breka kuu itashuka na wote watabaki gizani. Anaweza kuomba laini kubwa zaidi kwa watu wa umeme, lakini hilo ni la kusubiri.

"Kwani jakuzi lazima lipate moto mchana?" dada akauliza.

"Hapana. Lina mfuniko mzito. Likipashwa alfajiri, linashikilia joto hadi jioni."

"Basi alfajiri ni ya mgongo wake," mke akasema. "Asubuhi draya. Mimi nitapiga pasi mchana, wateja wa saluni wakienda kula."

"Na nikiwa na bibi harusi mchana?"

"Utagonga dirisha, nitazima pasi. Si una mkono?"

Fundi aliandika, akakubali, kisha akasema atafunga kifaa kidogo kitakachozuia hita isiwake draya zikiwa kazini, maana watu huahidiana asubuhi na kusahau mchana. Hilo lilimfurahisha kila mtu, hasa Breki, ambaye hakutaka kupewa kazi ya kupeleka ujumbe kati ya pasi na draya.

*

Kuchimba mtaro hakukwenda kama ilivyochorwa. Fundi alikuja na sururu yake, akafuata mstari wa chokaa kwa juhudi, akiimba. Karibu na ukuta wa saluni sururu ikalia "pwa!" na maji yakaruka hadi kwenye miwani yake. Baba yao Breki, Mungu amrehemu, alikuwa amepitisha bomba la maji mahali pale bila kumwambia mtu.

Mlango wa saluni ukafunguka, akatoka mteja, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke anayeogopwa na wazazi wenyewe. Povu lilikuwa limemjaa kichwani na kumshuka masikioni.

"Maji yamekatika," akasema.

"Hayajakatika, mwalimu," Breki akajibu, akionyesha chemchemi. "Yamehamia huku."

Fundi aliziba bomba kwa kisigino huku akiomba msamaha kwa kila mtu, pamoja na mlimau. Mke wa Breki alitoka mbio na ndoo ya maji ya akiba, dada akashika kata, na wakamsuuza mwalimu mkuu palepale juu ya saruji ya kufulia, mmoja akimimina, mwingine akisugua, kwa kasi ya watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Mwalimu akacheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Akaondoka amesukwa vizuri, amepimwa na sketi mbili.

Bomba likaungwa. Mtaro ukasogezwa kidogo pembeni na kuongezwa kina. Kebo ikalala ndani ya paipu, juu yake ikafunikwa mchanga, kisha utepe mwekundu wa kumwonya yeyote atakayechimba baadaye, kisha udongo. Fimbo ya ethi, ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, ikapigwa nyundo hadi ikabaki kichwa tu. Kabla ya kuwasha, fundi alibonyeza kitufe cha majaribio cha swichi ya usalama, ikaruka "tak!" na kukata. Akairudisha, akaibonyeza tena, ikakata tena. Akairudisha, kidole kikaelekea kitufe kwa mara nyingine.

"Mara ya tatu ya nini?" Breki akauliza, taulo begani tangu asubuhi.

"Ya kwangu mwenyewe," fundi akasema. "Nilale vizuri." Akaibonyeza, ikakata, akairudisha na kuwasha.

Hita ikaanza kunguruma taratibu.

*

Jumapili alasiri maji yalikuwa tayari, yakitoa mvuke mwepesi chini ya mfuniko. Breki aliingia kwanza, ngazi ndogo ya mbao ikimsaidia safari hii. Joto lilipofika kiunoni alifumba macho, na sauti iliyomtoka haikuwa neno la lugha yoyote.

Mkewe alisema atatia miguu tu. Dada akasema yeye hata miguu hatii, hajawahi kukaa kwenye maji tangu abatizwe kwa mvua za utotoni. Mke akatia miguu. Baada ya muda magauni yalipandishwa, baada ya muda zaidi wakakumbuka kwamba fundi cherehani anazo nguo kuukuu zisizo na mwenyewe, na haikupita kitambo wote watatu walikuwa ndani, maji yakichemka mapovu kati yao, na habari za mwalimu mkuu zikichambuliwa upya tangu mwanzo. Breki alijaribu kusema kitu mara mbili. Hakupata nafasi, na hakuumia.

Lango likagongwa. Aliingia binti yao, yule bibi harusi, begi mkononi, uso mzito. Breki alimpigia simu kabla mawifi hawajapatana, akimwomba aje azungumze na mama na shangazi, kisha katika hekaheka za mtaro akasahau kumwambia kwamba mambo yamebadilika. Njia nzima binti alikuwa akipanga maneno. Alikuwa na maneno makali kwa mama, makali kwa shangazi, na mengine ya kulia kama yale ya kwanza yatashindwa.

Akasimama kwenye udongo mpya wa mtaro, akawatazama. Mama yake alikuwa anacheka hadi anashikilia ukingo. Shangazi yake alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi povu lilivyokuwa likishuka masikioni. Baba yake alikuwa amezama hadi kidevuni, amelala usingizi au karibu.

"Karibu, mwanangu!" mama akasema. "Unashangaa nini? Sogea."

Binti akaweka begi chini, akavua viatu, akaviweka mbali na maji, akakaa kwenye ukingo na kutumbukiza miguu.

"Haya," akasema. "Nani huyo mwenye povu?"